Maswali ya Shemeji wa Dereva

Shemeji wa dereva alikuwa mtu wa mikosi, maskini. Ndani ya miaka minne aliugua ini, mapafu, tezi na ngozi. Aliumwa na nyoka mara mbili, tena mguu uleule. Kuna wiki moja alipata mimba ya miezi saba yenye presha ya kupanda, na wiki iliyofuata akawa kichanga wa siku tatu mwenye macho ya manjano. Yote hayo yaliandikwa kwenye daftari la maktaba ya hospitali, kwa mwandiko safi wa mkutubi, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya dereva hata siku moja. Alingoja atoke kwanza.

Mkutubi mwenyewe walimwita Mama Rafu. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, katikati ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya mitungi ya oksijeni. Dari ilishuka upande mmoja kufuata ngazi, kwa hiyo mtu mrefu akitaka kitabu cha moyo aliinama, na akitaka cha mifupa alipiga magoti. Kompyuta zilikuwa mbili, moja nzima na moja ya kuwekea kikapu. Mchana kutwa madaktari walipanda na kushuka juu ya kichwa chake, naye aliwajua wote kwa viatu.

Usije ukadhani kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi, ingawa vumbi alipangusa. Daktari akifika njia panda, ampe mgonjwa dawa hii au ile, apasue au angoje kidogo, Mama Rafu ndiye aliyekwenda kutafuta yaliyoandikwa na waliokwisha pita njia hiyo. Alisoma mpaka majedwali ya mwishomwisho, ambako watu wengi hawafiki, akatupa pumba, akabakiza mchele, kisha akamkabidhi daktari ukurasa mmoja unaosomeka kwa dakika mbili. Uamuzi ulibaki wa daktari. Yeye hakutibu mtu, na ukimwambia ametibu alikasirika. Mama yake mzazi, ambaye hakulielewa hata kidogo jambo hili, aliwaambia majirani kwamba binti yake ni daktari wa vitabu. Jirani mmoja akauliza, eti vitabu navyo huugua nini? Mama mtu akajibu palepale, "Vumbi."

Sasa, Mama Rafu alikuwa na udhia wake. Swali lisilo na mtu ndani yake hakulijibu, ng'o. Alikuwa na vikaratasi alivyovikata mwenyewe kwa rula, kila kimoja kina mistari mitano: mgonjwa ni nani, ana nini, mnataka kumpa nini, kingine mngeweza kumpa nini, na mwisho, mgonjwa mwenyewe anaogopa kupoteza nini. Mistari minne madaktari walijaza kwa kunung'unika. Wa tano waliuruka kama watu wanavyoruka dimbwi. Na ugonjwa huu wa kuhoji alirudi nao nyumbani. Mumewe, seremala mpole, akiuliza sukari iko wapi, anaulizwa: sukari ya nani, ya kufanyia nini, na asali haifai? Mwanamume yule alijifunza kunywa chai kavu.

Basi tuje kwa huyo shemeji. Pale hospitalini palikuwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na kwa kuwa bingwa alikuwa mmoja, wakamwita Bingwa tu. Ujuzi alikuwa nao, tena wa kumgawia na jirani, sitaki mtu aseme nimemsingizia. Lakini zamani sana aliamua kwamba kuuliza ni kazi ya wanafunzi. Akikwama, na hakuna daktari asiyekwama, aliandika swali lake kwenye karatasi, akalikunja mara nne, akamwita dereva wa gari la wagonjwa.

"Mpelekee yule mama wa vitabu. Mwambie ni shemeji yako."

Dereva, ambaye jina lake la mjini lilikuwa Honi, alikuwa jitu la miraba minne lisilojua kusema uongo. Alisimama mlangoni mwa maktaba, ameinamisha shingo kwa ajili ya dari, akafungua karatasi yenye mwandiko kama kuku amepita na miguu ya matope, akaanza kusoma jasho likimtoka: "Shemeji yangu ana miaka sitini na minne, ana... ana hili neno refu, la hatua ya tatu." Mama Rafu aliandika bila kupepesa jicho. Jibu lilirudi kwa njia ileile, limekunjwa mara nne, na kesho yake kwenye raundi Bingwa alisimama mbele ya wanafunzi akalitangaza kwa kuanza na maneno "kama tunavyojua sote." Madaktari vijana walipoona mkubwa wao hivyo nao wakaiga, kila mmoja akawa na rafiki yake wa chuo mwenye swali. Hospitali nzima ikawa inaulizia watu wengine. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini pale ujinga ulikuwa kuonekana unauliza.

Je, Mama Rafu alichukia? Alisema hachukii. Tuseme kweli, ilimuuma. Kuna mwaka mmoja aliwahi kupanda ngazi na jibu ambalo hakuna aliyeliuliza, kuhusu dawa mbili zisizopatana, akalipeleka hadi wodini katikati ya raundi. Bingwa alimtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mama, tukitaka kupangiwa vitabu tutakuita." Wanafunzi wakacheka, na hata mgonjwa mmoja akacheka. Akashuka, akala kiapo kwamba asipoulizwa, hasemi.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Honi akaingia.

"Mama Rafu, shemeji yangu masikio yanamvuma."

"Hee! Leo masikio!" Mama Rafu akavuta kikaratasi. "Mwambie huyo shemeji yako achague ugonjwa mmoja atulie nao. Haya, karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi."

"Siku hizi Bingwa anatuma kwa mdomo? Maendeleo hayo. Na ile mimba iliishaje, alijifungua salama?"

Honi alijishusha kwenye kigoda cha kupandia rafu, kikalia, na jitu lile lililozoea kubeba majeruhi barabarani bila kutetereka likaanza kulia. Lililia kwa sauti, bila hata kufunika uso.

"Huyu ni shemeji kweli," akasema. "Kaka yake mke wangu. Yuko hapo juu, wodi ya pili, kitanda cha saba."

Jamani, kuna aibu na aibu. Mama Rafu alitamani sakafu ipasuke. Miaka minne ya kuwaficha watu kwenye shemeji mmoja, na siku shemeji mwenyewe anaugua, anachekwa. Akatoka nyuma ya meza, akampigapiga bega, akasema, "Nisamehe, baba. Nisamehe sana. Nieleze taratibu."

Kaka wa mke alikuwa fundi wa magari, mtu wa miaka hamsini na miwili, na sifa yake ilikuwa kusikiliza. Gari likiwashinda mafundi wengine aliletewa yeye. Hakufungua kitu kwanza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akasema ubovu uko wapi. Hata gari la wagonjwa alilitengeneza yeye. Jumamosi alilazwa na homa kali, kidonda alichokipuuza kilikuwa kimepeleka wadudu kwenye damu. Bingwa akamwandikia sindano moja kila siku saa nane mchana, na homa ikashuka vizuri, hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini tangu jana usiku fundi alisikia mvumo, kama birika linachemka chumba cha pili. Alimwambia dada yake tu. Daktari hakumwambia, maana alidhani ni homa inaaga, na kwenye raundi za siku zilizotangulia Bingwa alikuwa akipita kitandani kwake kabla hajamaliza kusema shikamoo.

"Wewe kwa nini hukumwambia Bingwa?"

"Mimi?" Honi akafuta pua. "Mimi namwendesha, mama. Simsemeshi."

Mama Rafu akanyanyua simu ya ukutani akampigia sista wa wodi ya pili. Sista akamtajia dawa. Akamwambia pia kwamba mashine ya vipimo vya figo ilikuwa mbovu siku mbili, majibu ya fundi yametoka jana jioni, yako ndani ya faili yanamngoja Bingwa, kwa kuwa Jumatano asubuhi Bingwa yuko kliniki na hapiti wodini. Aliposomewa ile namba ya figo, Mama Rafu aliiandika mara mbili. Hakuwa daktari, lakini alijua si namba ya kufurahia.

"Na masikio yanamvuma tangu jana," akasema.

"Mungu wangu! Hajaniambia mtu." Sista akakata simu, na baada ya dakika tano akapiga tena akiwa amekasirika. Daktari wa zamu alikuwa kijana, na kijana alikuwa amesema hawezi kugusa dawa ya Bingwa bila Bingwa.

Mama Rafu akarudi kwenye kikaratasi. Mistari minne ilikuwa imejaa. "Honi, shemeji yako anaogopa kupoteza nini?"

"Masikio, mama. Yule bila masikio atakula nini? Atakuwa nani?"

Akaandika neno moja kwenye mstari wa tano, kisha akavaa miwani.

Alisoma kwa muda wa saa moja na nusu. Mwongozo mkubwa ulikuwa rafuni, kitabu kinene chenye jalada la kijani, na mwingine mpya zaidi ulikuwa kwenye kompyuta, pamoja na uchambuzi wa tafiti nyingi. Vyote vilisema lugha moja: dawa ile hutoka mwilini kwa kupitia figo, figo zikiwa dhaifu hurundikana, na ikirundikana huweza kula usikivu, tena usikivu ulioliwa hivyo mara nyingi haurudi. Mvumo ndio hodi ya kwanza. Utafiti mmoja ulisema hakuna tatizo, na mkutubi mvivu angeuruka. Yeye aliusoma mpaka mwisho akakuta ulikuwa wa vijana wenye figo nzima waliochomwa siku tatu tu, akauweka nyuma ya ukurasa na sababu yake. Akapiga simu maabara, wakamwambia wadudu wa fundi wanauawa pia na dawa mbili nyingine. Akapiga famasi, moja ipo. Yote akayabana kwenye karatasi moja.

Ikawa saa sita na nusu. Sindano ilikuwa saa nane.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Hakuna aliyemuuliza swali hili isipokuwa dereva, na kiapo chake alikuwa anakikumbuka, pamoja na kile kicheko. Akikaa kimya hakuna atakayemlaumu, kazi yake inajulikana, kupanga vitabu. Akaitazama ile karatasi. Akaikunja mara nne, akapiga moyo konde, akapanda.

Bingwa alikuwa ofisini kwake, kliniki imekwisha, anamenya ndizi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Sikukuita, mama."

"Hukuniita. Nimeleta jibu la lile swali la shemeji."

Bingwa akatupa jicho mlangoni. "Shemeji gani?"

"Wa Honi. Yule mwenye mikosi."

"Mimi sijatuma..." Maneno yalikuwa yamemponyoka nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa hatari. Akisema hili hakulituma, atakuwa amekiri kwamba yale mengine yote aliyatuma, mimba na nyoka wote wawili. Mama Rafu aliangalia saa ya ukutani kwa macho makavu kabisa, kama mtu anayengoja dawa yake dirishani. Ndizi ilibaki hewani.

"Linasemaje, hilo swali?" Bingwa akauliza mwishowe.

"Linasema hivi: fundi wa kitanda cha saba, majibu ya figo zake yametoka jana jioni baada ya wewe kuondoka, na tangu jana usiku masikio yanamvuma. Je, sindano ya leo saa nane achomwe, au abadilishiwe?"

Bingwa akaweka ndizi chini. Akakunjua karatasi, akasoma, akarudia. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na Mama Rafu, aliyekuja amejiandaa kwa hasira, hakujua aweke wapi mikono.

"Kuna utafiti unasema vingine," Bingwa akasema. "Niliusoma zamani."

"Upo, nyuma ya karatasi. Ni wa vijana wenye figo nzima."

Akageuza, akasoma. "Kweli. Hilo sikuliona." Akaweka kidole chini kabisa. "Na hili la masikio, nani amekwambia ndilo analoliogopa?"

"Aliulizwa shemeji yake, daktari. Mgonjwa mwenyewe hajaulizwa na mtu."

Bingwa akasimama. Akatoka bila koti, na viatu vyake, ambavyo kwa kawaida vilitembea kama vinakwenda kupokea tuzo, vilikimbia. Mama Rafu akashuka chini kwake. Hakuwa na la kufanya tena, na hiyo ndiyo sehemu mbaya ya kazi ile. Akapangusa rafu ambayo haikuwa na vumbi. Saa nane na dakika kumi simu ikalia.

"Amebadilisha," sista akasema, akinong'ona kwa furaha. "Halafu amekaa kitandani! Bingwa! Amekaa kabisa, anamuuliza fundi anasikia nini, anaandika. Sasa anazunguka wodi nzima anauliza watu masikio. Hata yule wa kiungulia ameulizwa masikio."

Jioni Mama Rafu alimsimulia mama yake. Bibi yule akafurahi, akapiga makofi. "Kwa hiyo umemtibu mtu!"

"Sikumtibu, mama. Nilisoma."

"Kusoma tu?" Furaha ikapungua kidogo. "Basi majirani nitawaambia umemtibu."

Bingwa, kama ilivyotarajiwa, aliwaambia wanafunzi kwamba katika kesi ile "niliagiza maktaba inipe uthibitisho." Mama Rafu alipoletewa habari akacheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini Jumatatu iliyofuata aliitwa apande na vikaratasi vyake afuatane na raundi, "kwa faida ya vijana," na Jumatatu nyingine tena. Bingwa alijaza mistari minne kwa mkono wake mbele ya watu wote. Wa tano aliinama kwa mgonjwa akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu viatu vipya. Wagonjwa wengine walishangaa wakasema hawaogopi kitu. Mwanamke mmoja akasema anaogopa kupoteza kazi akilala hapo zaidi ya wiki, na matibabu yake yakapangwa upya siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu fundi akaruhusiwa. Damu ilikuwa safi, figo zimeanza kurudi. Kabla ya kwenda nyumbani akashuka na Honi mpaka maktaba kutoa shukrani. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, na mikono iliyochorwa grisi isiyotoka hata kwa wiki tatu za kuoga hospitali. Alisema sikio la kulia limetulia. La kushoto, sauti nzito linazipata, zile nyembamba hapana, na daktari hakumficha, amemwambia huenda zisirudi. Alisema Bingwa alimwomba radhi. Alisema na moja linatosha, mtu hushika bisibisi kwa mkono mmoja. Alilisema hilo kwa haraka.

Kisha akazungusha macho chumbani. "Mama, hayo uliyosoma yalikuwa wapi?"

"Mengine kwenye kompyuta. Mengine kwenye kitabu kile cha kijani."

"Kimekuwa hapo tangu lini?"

"Mimi nilikikuta. Kabla sijaajiriwa."

Fundi akakitazama kitabu. Akainua macho kwenye dari ile iliyoinama, ambayo juu yake ndiko ngazi zilikopanda kwenda wodini.

"Na mimi nililala pale juu siku nne," akasema.

Mama Rafu alivua miwani. Alisema pole. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba swali lile, anaogopa kupoteza nini, lingeulizwa Jumamosi, angekuwa anasikia kwa yote mawili.

Fundi alimtazama midomo. Akageuza kichwa, akamsogezea sikio la kulia.

"Samahani, mama, sijakupata. Sema tena, upande huu."

Mama Rafu akasema tena.